Baby Peggy naye alifilisiwa
Ndugu, umeuliza kama Jackie Coogan ndiye mtoto pekee wa filamu zisizo na sauti ambaye jasho lake liliishia mikononi mwa wazazi. Hapana, yupo pia Baby Peggy, yaani Peggy-Jean Montgomery, aliyezaliwa California mwaka 1918. Alianza kuigiza hajatimiza miaka 2. Filamu zake fupi nyingi zimepotea kabisa, na hilo linaniuma sana. Mwaka 1925 baba yake aligombana na mtayarishaji Sol Lesser kuhusu malipo, mkataba ukavunjwa, Hollywood ikamfungia milango. Mtoto wa miaka 6! Fedha alizochuma zikayeyuka. Ukubwani alijiita Diana Serra Cary, akawa mwanahistoria wa sinema na mtetezi wa watoto waigizaji. Alifariki 2020, akiwa na miaka 101.