Ekzosi ya Land Cruiser ya zamani: inchi 2.5 au 3?

Ndugu, umeuliza kama Land Cruiser yako yenye injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ambayo ekzosi yake imetobolewa na kutu, ifungwe bomba la inchi 3. Kwa maoni yangu inchi 2.5 zinatosha, kwa kuwa bomba pana zaidi huifaa hasa injini yenye tabo. Kwako litaongeza kelele tu, na safari ya Dodoma hadi Mpwapwa si fupi. Kabla ya kung'oa, zipulizie nati za manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha usiku kucha, kwani bolti ikikatikia ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kazi inakuwa nyingine kabisa. Fundi abadilishe gasketi (kizibo bapa cha kuzuia moshi usivuje kwenye maungio) pamoja na mipira ya kuning'inizia, wala asikubali kulichomelea bomba kwenye chesisi, maana mtikisiko utalipasua.