Sigara wakati wa mimba na mtoto asiyetulia: jibu la mtu ambaye mama yake alivuta

Dada, umeuliza mambo mawili, na wengi waliotangulia wamekujibu moja tu, tena kwa ukali ambao hukuuomba. La kwanza: mwanao wa miaka 7 hatulii, mwalimu analalamika hamalizi kazi, na mama mkwe ameshakata shauri kwamba ni zile sigara ulizovuta ukiwa na mimba yake. La pili: una mimba nyingine ya wiki 11, bado unavuta chache kwa siku, na unataka kujua kama kuacha sasa kuna faida au maji yameshamwagika.

Nianze na hili la pili maana lina haraka: faida ipo, na ni kubwa. Nitalirudia huko chini. La kwanza ndilo refu.

Mimi mama yangu alivuta. Alivuta mimba yangu yote, akavuta na ya mdogo wangu. Mimi nina ADHD, yaani ule upungufu wa umakini unaokwenda na papara na kutotulia, na niliambiwa hivyo nikiwa mtu mzima mwenye familia. Mdogo wangu hana kabisa. Ni mtu wa kukaa na mahesabu mpaka usiku bila kunyanyua kichwa. Halafu binti yangu naye anayo, na mama yake hajawahi kuweka sigara mdomoni. Sasa hapo ile hadithi ya "ni sigara tu" inakwama. Familia moja si ushahidi, najua, lakini ndiyo iliyonisukuma kusoma.

Hebu nikueleze mama alivyo. Anatafuta kiberiti nyumba nzima na kiberiti kiko mkononi. Anawasha sigara, anailaza kwenye kisahani, anakumbuka nguo ziko kwenye kamba, anatoka. Akirudi anawasha ya pili, na ile ya kwanza bado inafuka. Anaanza sentensi tatu kwa mkupuo, zote anaziacha njiani. Sisi watoto tulimwita msahaulifu, basi. Siku binti yangu anapimwa, daktari akaniuliza habari za ukoo, nikamsimulia mama hivi hivi huku nacheka. Daktari akaweka kalamu chini, akaniangalia. "Na wewe baba, ulikuwaje shuleni?" Kicheko kikaisha hapo hapo.

Nilichojifunza baada ya pale ni kwamba watu wenye ADHD huvuta sigara kuliko wengine, huanza mapema, na kuacha kunawatesa zaidi. Nikotini huamsha umakini kwa muda mfupi. Kwa hiyo mama mwenye kichwa kisichotulia ana uwezekano mkubwa wa kuvuta hata akiwa mjamzito, na huyo huyo ndiye anayempa mtoto vinasaba vyake. Tafiti za pacha zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya tofauti za watu katika ADHD inatokana na urithi. Hicho ni kiwango kikubwa, kinakaribia cha urefu wa mwili. Ukiwapanga watoto wenye ADHD na wasio nayo, ukauliza mama yupi alivuta, lazima utakuta wavutaji wengi upande mmoja, hata kama moshi wenyewe haukufanya lolote kwenye umakini wa mtoto.

Na kweli, tafiti za kulinganisha namna hiyo zinakuta hivyo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta uwezekano wa ADHD umeongezeka kwa karibu asilimia 60 kwa watoto wa mama waliovuta. Inatisha ukiisoma hivyo. Ila ADHD huwapata takriban watoto 5 kati ya 100. Ongeza hiyo asilimia 60, unafika kama 8 kati ya 100. Maana yake hata tukichukulia kwamba lawama yote ni ya sigara, watoto 92 kati ya 100 wa wavutaji hawana. Na kati ya wale 8, watano wangekuwa nayo kwa vyovyote. Mama mkwe hawezi kumtazama mjukuu wake akajua yuko kundi lipi. Hakuna daktari anayeweza.

Watafiti wenyewe waliushtukia mtego huu wakatafuta njia ya kuukwepa. Njia niliyoipenda ni ya kulinganisha ndugu wa tumbo moja: mama alivuta mimba moja, nyingine hakuvuta. Mama ni yule yule, nyumba kwa kawaida ni ile ile, tofauti kubwa ni moshi. Sweden walifanya hivyo kwa watoto zaidi ya 800,000, matokeo yakatoka 2014. Walipolinganisha watu wasiohusiana, watoto wa waliovuta sana walionekana na hatari mara 2.5. Walipolinganisha binamu, ikashuka. Walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, tofauti ikapotea. Finland nao wakajaribu kwa watoto waliozaliwa kati ya 1987 na 2001: hatari iliyokuwa mara 2 ikashuka hadi mara 1.2 hivi kwa ndugu, kiasi ambacho kinaweza kuwa ni bahati tu ya hesabu.

Kuna utafiti mwingine nitakaoutaja kwa jina la mwenyewe kwa sababu ni wa akili sana. Anita Thapar wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake, mwaka 2009, waliangalia watoto waliozaliwa kwa mimba za kupandikizwa. Baadhi ya mama walibeba mimba ya yai lao, wengine walibeba mimba ya yai la mwanamke mwingine. Yaani kundi moja mtoto ana damu ya aliyembeba, kundi la pili hana. Kama moshi ndio unaoharibu, unatakiwa uharibu makundi yote mawili sawasawa. Kwenye uzito wa kuzaliwa ilikuwa hivyo: mama akivuta, mtoto anazaliwa mwepesi, awe wa damu yake au asiwe. Lakini kwenye dalili za ADHD, uhusiano na sigara ulikuwa na nguvu zaidi pale mama na mtoto walipokuwa wa damu moja.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na watu kwenye vikao vya ukoo. Uzito, ni moshi. Umakini, sehemu kubwa ni damu.

Nisikudanganye lakini, mambo hayajafungwa. Wanyama wa maabara waliopata nikotini wakiwa tumboni huonyesha tabia za kuhangaika, na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na umakini, hubadilika. Vipokezi vya nikotini vinaanza kuota kwenye ubongo wa mtoto mapema sana katika mimba, kwa hiyo nikotini ikifika inakuta mlango wa kuingilia. Na Finland hao hao, mwaka 2019, walitoa utafiti ambao haukutegemea mama kukiri. Walipima kotinini, mabaki ya nikotini, kwenye damu ya wajawazito iliyokuwa imehifadhiwa. Waliokuwa na kiwango cha juu kabisa, watoto wao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2. Hawakulinganisha ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana mimi bado naegemea upande wa urithi. Lakini mtu akikwambia nikotini haina neno kwa ubongo wa mtoto, usimsikilize.

Na hata tukiiweka ADHD pembeni kabisa, sigara kwenye mimba ina madhara ambayo hayana ubishi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtoto anapata hewa pungufu. Nikotini inavuka kondo la nyuma bila kizuizi, na upande wa mtoto inaweza kukaa kwa kiwango cha juu kuliko cha mama. Watoto wa wavutaji huzaliwa wepesi kwa wastani wa gramu 200 hivi, njiti ni wengi zaidi, mimba kuharibika ni nyingi zaidi, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini pia. Tena kuzaliwa njiti au na uzito mdogo sana kwenyewe kunaongeza hatari ya matatizo ya umakini. Kwa hiyo sigara inaweza kuugusa umakini wa mtoto kwa njia hiyo ya kuzunguka.

Sasa wiki zako 11. Utafiti uliofanyika New Zealand na Australia ukachapishwa 2009 ulikuta kwamba wanawake walioacha kabla ya wiki ya 15 walizaa njiti na watoto wadogo kwa kiwango kile kile cha wasiovuta. Umesoma vizuri: kile kile. Bado uko ndani ya muda huo. Na ukichelewa, wiki ya 20, ya 30, bado acha, kwa sababu ile kaboni monoksaidi inaisha mwilini ndani ya siku moja au mbili na mtoto anaanza kupata hewa yake.

Kupunguza si kuacha. Unayepunguza huwa unavuta kila moja kwa pupa na kwa ndani zaidi, ukijua inayofuata iko mbali. Na kitu ambacho hawakwambii kliniki: ukiwa mjamzito mwili unasaga nikotini haraka kuliko kawaida, ndiyo maana arosto inakuja upesi na kwa nguvu. Wala si kwamba wewe ni dhaifu. Mwambie mkunga ukweli, idadi halisi, usipunguze kwa aibu. Omba ushauri wa kuacha, mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyesomea. Kuhusu plasta au bazoka za nikotini, Uingereza hutolewa kwa wajawazito wanaoshindwa kuacha bila msaada, sehemu nyingine madaktari wanasita, kwa hiyo hilo amua na daktari wako, usijinunulie. Vidonge vya kuachia sigara kama vareniklini na bupropioni kwa kawaida haviandikwi kwa mjamzito. Shisha isikudanganye kwa harufu yake nzuri, ni moshi na kaboni monoksaidi ile ile. Ugoro hauna moshi lakini nikotini yake inafika kwa mtoto.

Na mumeo, kama anavuta, avutie nje. Bora zaidi aache na wewe. Kuacha huku mwenzako anapuliza sebuleni ni mateso ya bure.

Kuhusu wanaokutukana humu: Glasgow waliwahi kujaribu jambo wakachapisha 2015. Wajawazito wavutaji wote walipewa huduma ya kawaida ya kuacha, nusu yao wakaongezewa ahadi ya vocha za manunuzi kama wakifanikiwa. Waliopewa vocha, asilimia 22.5 waliacha, wasiopewa, asilimia 8.6. Wanaotukana wakuletee vocha.

Mwanao sasa. Usiingie kwenye chumba cha daktari umeshajihukumu, maana utapoteza nusu ya muda ukieleza sigara na daktari hazihitaji sana. ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Wanachoangalia ni kama dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja, siyo shuleni tu. Akitulia nyumbani na kuhangaika darasani peke yake, tafuta kilichoko darasani kwanza. Apimwe masikio na macho. Angaliwe usingizi, anakoroma? analala saa ngapi? Na upungufu wa damu usisahaulike. Binti yangu kabla ya yote alipelekwa kupimwa masikio, nikaudhika nikiona tunapotezewa muda; baadaye nilielewa kwamba mtoto asiyesikia vizuri naye hamalizi kazi na naye anachungulia dirishani.

Muombe mwalimu aandike anachokiona kwa vitendo, siyo "mtundu" au "mvivu". Aandike kama hivi: alisimama mara ngapi, alisahau nini, alimaliza kazi ipi na ilikuwa ya aina gani. Daktari wa binti yangu alitegemea karatasi ya mwalimu kuliko maelezo yangu. Na jipe muda ukumbuke wewe mwenyewe na baba yake mlikuwaje mkiwa na umri huo. Ikiwezekana muulizeni mama mkwe, kwa adabu, mwanawe alikuwaje darasa la pili. Hapo unaweza kupata jibu ambalo hakulitegemea.

Ikithibitika kuwa ni ADHD, kwa umri wake kuna mafunzo ya wazazi, mipango na mwalimu, na dawa kama daktari akiona inafaa. Yangu ni methilfenideti, ya binti pia. Kuhusu dawa kuna maneno mengi ya kutisha yanazunguka, ukifika huko uliza hapa hapa, nitakuelezea ilivyokuwa kwetu na kilichotusumbua.