Upasuaji wa pili au njia ya kawaida?
Dada yangu, umeuliza kama unaweza kujifungua kwa njia ya kawaida ilhali mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kwanza tafuta kumbukumbu za upasuaji ule, kwa sababu kinachoamua ni jinsi mji wa mimba ulivyokatwa, jambo ambalo kovu la nje haliwezi kukuonyesha. Ikiwa ulikatwa kwa mlalo sehemu ya chini, wanawake takriban 60 hadi 80 kati ya 100 wanaojaribu hufaulu, na hatari ya kovu kuchanika haifiki 1 kati ya 100. Ikiwa ulikatwa wima sehemu ya juu, usijaribu. Ukitamani watoto wengi, kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung’ang’ania kwenye kovu. Nakusihi, uchungu ukianza, uwe karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu saa 24.