Miembe na mikungu ya shambani: ikatwe kwa ajili ya kima punju?

SWALI: Assalaam alaykum, mtaalamu. Shamba langu linapakana na msitu wa Jozani, Unguja, lina miembe mikubwa na mikungu, ile miti izaayo kungu. Kijana mmoja aliyesomea mazingira kanishauri niikate yote nipande miti ya asili, eti miti ya kigeni haiwafai wanyama wetu. Lakini kima punju wanashinda humo kutwa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usiikate.

Ni kweli mwembe asili yake ni Asia, na mkungu nao uliletwa na watu. Lakini kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, anaitegemea sana miti hiyo huko mashambani. Tumbo lake lina vyumba, na humo bakteria huchachusha majani kabla hayajameng'enywa. Majani machanga ya mwembe na mkungu yana protini nyingi. Tatizo ni kwamba yana pia fenoli, kemikali zinazoweza kuvuruga mmeng'enyo, na hapo ndipo kima wa mashambani wananistaajabisha: hutafuta mkaa kwenye visiki vilivyoungua na matanuri, wakautafuna. Mwaka 1997 watafiti David Cooney na Thomas Struhsaker walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kuwa mkaa hunasa fenoli za majani hayohayo. Kwa hiyo ukiwaona wanaokota mkaa shambani kwako, usiwafukuze.

Embe bivu kwa kawaida halimvutii, kwani sukari nyingi huchachuka haraka mno tumboni mwake. Kuhusu nazi changa, ambazo wakulima wengi hulalamikia, Struhsaker na Kirstin Siex walipima mwaka 1999 wakakuta kwamba minazi inayoliwa na kima haikupungua mavuno.

Hata hivyo kijana wako ana hoja, ila ameipanua kupita kiasi. Iko miti ya kigeni inayoenea yenyewe na kuua mingine. Mti wa mathenge uliopelekwa Baringo, Kenya, kuzuia jangwa, umeziba malisho na njia za maji, kwa kuwa mifugo hula maganda yake na kusambaza mbegu kwenye kinyesi. Mti wa namna hiyo ung'oe ungali mche. Mwembe haukufanyii hivyo. Kagua tu kingo za shamba, na miche ya mkungu ikianza kuingia msituni, ing'oe.

Tena shamba si msitu. Paa nunga anahitaji vichaka vizito vya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ajifiche na kuokota majani na matunda yaliyoanguka. Chini ya miembe iliyofyekwa hana pa kukaa. Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, na wengi wao walikuwa ndani ya hifadhi. Mashamba yenu yanaongezea chakula, lakini hayachukui nafasi ya hifadhi.

Basi panda mikuyu na mifuu katikati ya miembe, hasa upande unaogusa msitu, na uache magugu kidogo chini yake. Mkungu ukizeeka na kuhatarisha nyumba, ukate mmoja mmoja, baada ya matawi ya mikuyu kugusana na ya miti ya jirani. Kima akikosa tawi la kupitia hushuka chini, na barabara ya Jozani imekwisha kuua wengi.