Maswali na Majibu: Gitaa la Tumbo Tupu Wanalolitaka Wapigaji wa Pwani

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinahusu magitaa ya umeme yenye tumbo tupu, na aina mpya ambazo wapigaji wa Lamu na Malindi wangependa viwanda viwatengenezee. Nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja.

Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi nayaona yote yana matundu ya umbo la herufi f usoni. Nitajuaje lipi ni tumbo tupu na lipi ni nusu tupu? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam. Matundu hayo hayatoshi kuwa ushahidi. Gitaa la tumbo tupu halina kitu kati ya uso na mgongo isipokuwa hewa na vijiti vya kuimarisha uso, ilhali la nusu tupu lina gogo la mti lililopita katikati, kuanzia shingoni hadi mwisho wa mwili, na pande mbili tu ndizo zilizoachwa wazi. Mpango huo wa gogo uliletwa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1958 katika gitaa la aina ya ES-335. Mwaka uliofuata wakatoa ES-330, ambayo kwa macho ni pacha wake lakini ndani haina gogo, na mwaka 1961 kampuni ya Epiphone, iliyokuwa tayari chini ya mmiliki huyohuyo, ikaja na Casino ya ujenzi wa namna hiyo. Ukiwa dukani, mulika tochi ndani ya tundu: ukiona ukuta wa mti katikati, hilo si tumbo tupu, hata muuzaji aseme nini.

Bendi yetu hupiga harusini na hotelini hapa Malindi. Nikiongeza sauti kidogo tu, gitaa langu la tumbo tupu linaanza kuvuma lenyewe. Je, haiwezekani litengenezwe jipya lisilovuma? (Mpiga solo, Maweni)

Ndugu yangu, kuvuma huko, yaani fidibaki, kunatokana na kitu kilekile kinachokufanya ulipende gitaa hilo. Sauti ya spika hupiga uso mwembamba wa gitaa, uso ukatetemeka, ukazitetemesha nyuzi, pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ikazinasa na kuzirudisha kwenye spika zikiwa na nguvu zaidi, na mzunguko huo haukomi mpaka uzishike nyuzi kwa mkono. Uso ukiwa mzito au ukishikiliwa na gogo, mvumo hupungua, lakini na ile pumzi ya sauti hupungua. Watengenezaji wameshajaribu njia nyingi. Gitaa ambalo Gibson walimtengenezea mpigaji wa bluzi B.B. King kuanzia mwaka 1980 lilizibwa matundu kabisa, na kampuni ya Ibanez walipomtengenezea mpigaji wa jazi George Benson aina ya GB10 mwaka 1977 walichagua mwili mdogo kuliko ilivyozoeleka kwa magitaa ya jazi. Kwa hiyo jipya lisilovuma hata kidogo halitakuwa tumbo tupu, na mimi nisingependa uliombe.

Kabla ya kutafuta gitaa jingine, fanya haya. Usisimame ukiielekea spika; simama pembeni yake, na ampu, yaani kikuza sauti chako, uiinue kutoka kwenye sakafu. Punguza besi kwenye ampu, kwa sababu mvumo wa magitaa haya huanzia kwenye sauti nene. Bado ikivuma, chukua sifongo laini, ifunge uzi mrefu, ipenyeze ndani kupitia tundu la f na uache ncha ya uzi ikining'inia nje ili uweze kuivuta utakapotaka kuitoa. Usiijaze tumbo lote. Kipande kinachogusa uso chini ya daraja, pale nyuzi zinapoegemea usoni, kwa kawaida hutosha, na sauti haitakufa.

Mimi napiga sebene na benga, na muda mwingi vidole vyangu viko juu, kupita freti (kile kijichuma cha shingoni) ya 12. Magitaa ya tumbo tupu yananizuia mkono. Kwa nini hawatengenezi la kutufaa sisi? (Mpigaji wa Watamu)

Hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo orodha nyingi za matamanio ya wapenzi wa magitaa hulipita zikikimbilia rangi mpya na vishikizo vya dhahabu.

Gitaa la tumbo tupu lilizaliwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti ndani ya bendi ya jazi. ES-150 ya mwaka 1936, ambayo mpigaji wa jazi Charlie Christian aliitumia hadi gitaa likaanza kusikika mbele ya tarumbeta, ilikuwa gitaa la kawaida lililoongezewa pikapu. Katika ES-175 ya mwaka 1949 shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 14. Katika Casino, kwenye freti ya 16. Mpigaji wa jazi hilo halimsumbui sana, kwa sababu kazi yake kubwa iko katikati ya shingo. Mpigaji wa sebene, ambaye hupanda juu na kukaa huko wimbo ukishachangamka, hugonga bega la gitaa kwa kiganja mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini basi wasiisogeze shingo nje? Katika ES-335 shingo inaungana kwenye freti ya 19 kwa sababu kuna gogo la kuishika. Tumbo likiwa tupu, kiungo cha shingo kinabaki na mti mchache wa kushikilia, daraja linasogea, na gitaa hulemea upande wa shingo ukilivaa kwa mkanda. Lakini si jambo lisilowezekana: mwishoni mwa miaka ya 1960 Gibson wenyewe waliisogeza nje shingo ya ES-330, na magitaa hayo bado yanatafutwa. Kwa hiyo unachokiomba kiliwahi kuwepo. Kilichokosekana ni kukitengeneza tena kwa bei ambayo mpigaji wa hotelini anaimudu, na hilo si ombi kubwa.

Nyumba yetu iko ufukweni Shela. Nyuzi hazimalizi muda kabla ya kushika kutu, na vitufe vya sauti vinakwaruza. Nifanyeje? (Msomaji wa Shela, Lamu)

Hewa ya chumvi haina huruma, hasa wakati wa kusi. Fungua parafujo za daraja uzipake mafuta mepesi kabla hazijagandamana, maana zikishaganda utazivunja vichwa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, upande wa chini pia, ambao watu wengi huusahau. Nunua nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa kinga; ni ghali lakini hudumu zaidi. Vitufe vinyunyizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisha uvizungushe mara nyingi. Kuhusu mbao, uso wa tabaka zilizogandishwa, yaani plaiwudi nzuri, hustahimili unyevu wetu kuliko uso wa ubao mmoja, na usione haya kuwa nao: ES-175 ilitengenezwa hivyo, na wapigaji wakubwa wa jazi waliipenda.

Mwalimu, sisi ni mafundi wa mbao, tunachonga milango na masanduku. Je, tunaweza kutengeneza gitaa la namna hii hapahapa Lamu? (Fundi, Mkomani)

Fundi, mkono wako unaweza. Mkangazi unafaa kwa shingo, na jamaa zake hutumika kwa kazi hiyo hata viwandani. Mpingo ni mti wa hali ya juu kwa ubao wa freti, ila tangu mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo, lakini mbao ghafi bado zinahitaji kibali zikivuka mpaka.

Ugumu uko kwenye unyevu. Gitaa ukiliunganisha Lamu mbao zikiwa zimevimba kwa hewa ya bahari, kisha likapelekwa Nairobi, litasinyaa na uso unaweza kupasuka. Wajenzi wa magitaa huweka chumba chao kwenye unyevu wa takriban asilimia 45, na gundi hawaishiki mpaka mbao zizoee hali hiyo. Anza na chumba hicho kidogo chenye kipimo cha unyevu ukutani, kabla ya patasi. Kwa gitaa la kwanza, tengeneza shingo tu na uifunge kwenye mwili wa zamani uliovunjika shingo.

Natumia mkono wa kushoto. Naweza kuligeuza la kulia? (Malindi)

La pembe moja, usiligeuze, kwani ule mkato wa kupitishia mkono utakuwa upande usiofaa. La pembe mbili linawezekana, mradi fundi abadilishe kizingiti cha nyuzi kilicho mwisho wa shingo na kulipanga upya daraja. Vitufe vitabaki chini ya kiwiko, na hilo utalizoea.

Tukiandika barua kwa viwanda, tuwaombe nini hasa? (Kikundi cha wapigaji, Mambrui)

Waombeni kitu kimoja kilichoelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu barua yenye maombi ishirini hawataijali. Mimi ningeandika hivi: mwili mwembamba wa tumbo tupu, unene usiozidi sentimita 5, wenye pembe mbili, uso wa plaiwudi, shingo inayoungana na mwili kwenye freti ya 19, freti za chuma kisichoshika kutu, daraja lenye kitako cha mti mgumu na parafujo zisizoshika kutu, pikapu mbili za koili moja, na kitufe cha mkanda kilichowekwa mahali pa kuizuia shingo isilemee. Rangi waacheni wachague wenyewe. Ambatisheni rekodi fupi ya mpigaji wenu akiwa juu ya freti ya 15, na picha ya mahali kiganja chake kinapokwama, ili mhandisi aliyeko mbali alione tatizo kwa macho yake.