Kufutiwa si kuzibwa mdomo, ila niambieni kosa langu

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: "Kampuni ya mtandao wa kijamii ikifuta ulichoandika, je, imekunyima uhuru wako wa kujieleza?"

Nalijibu nikiwa na kidonda changu. Mwaka jana nilifungiwa akaunti siku saba. Kosa lilikuwa maneno matatu niliyomwandikia rafiki yangu wa siku nyingi, shabiki wa timu pinzani, usiku wa kuamkia mechi: "Kesho tunawachinja mapema." Asubuhi nikakuta chapisho halipo, na ujumbe kwamba nimekiuka kanuni za kuzuia vurugu. Nikabonyeza kitufe cha kukata rufaa, na jibu likaja kabla sijapiga mswaki: uamuzi uko palepale. Nani aliyesoma, mashine au mtu, na kama ni mtu anajua Kiswahili au hajui, sikuambiwa. Mechi yenyewe tulifungwa mbili bila, na hata kutaniwa nikashindwa.

Kwa hasira nikasema wanachosema wote: wamenipora haki yangu. Kisha nikaikumbuka kazi yangu ya zamani. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikichagua barua za wasomaji gazetini. Kila barua moja iliyotoka ilikuwa na wenzake wengi kapuni, wengine bora kuliko yenyewe ila warefu mno. Hakuna mwandishi niliyemziba mdomo. Nilimnyima ukurasa wangu tu, naye akabaki na kalamu yake na ruhusa ya kuniita mpumbavu mahali pengine. Kwa hiyo kisheria jibu langu ni hapana.

Nyingi ya kampuni hizi zina makao yake Marekani, na huko Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaanza kwa kulitaja Bunge: ndilo lililokatazwa kutunga sheria ya kubana uhuru wa kusema. Baadaye katazo hilo likaenezwa kwa serikali za ngazi zote. Mwenye mali binafsi hakutajwa. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kulilazimisha gazeti la Miami Herald kuchapisha majibu ya mgombea liliyemkosoa. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba YouTube, hata iwe na watazamaji wengi kiasi gani, haigeuki kuwa serikali.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na inatoka katika mji mdogo wa Chickasaw, jimbo la Alabama. Mji wote ulikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli: barabara, nyumba, maduka, hata mshahara wa polisi ulitoka kwa kampuni. Muumini mmoja wa Mashahidi wa Yehova alisimama kando ya barabara akigawa vijitabu vya dini, akaambiwa aondoke, akakataa, akashtakiwa kwa kuingia mali ya watu bila ruhusa. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi. Ilisema kwamba kadiri mwenye mali anavyoifungua kwa umma kwa faida yake, ndivyo haki zake zinavyobanwa na haki za wale wanaoitumia. Ukisoma hukumu ile leo unasema, basi, huu si ndio mtandao wenyewe? Tunakutana humo, tunauza humo, tunazikana kwa rambirambi humo. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliifananisha mitandao ya kijamii na uwanja wa umma wa zama zetu.

Lakini kesi ile ya 2017 ilihusu sheria ya jimbo iliyowapiga marufuku watu fulani kuingia mitandaoni. Aliyefunga mlango alikuwa serikali. Na mlango wa Chickasaw wenyewe ulirudishiwa mapema: mwaka 1972 mahakama ilikataa kuupanua hadi kwenye jengo la maduka la Portland, ambako wapinzani wa vita vya Vietnam walikuwa wakigawa vikaratasi. Jengo la maduka si mji. Mimi naongeza kwamba mtandao nao si mji, kwa sababu mwenye barabara hapangi nani apite mbele ya nani. Mtandao kazi yake ndiyo hiyo, kupanga. Ukifungua simu unaona kilichochaguliwa, na anayechagua anasema jambo, kama nilivyosema jambo kila nilipoiweka barua fulani juu ya nyingine.

Texas na Florida zilitunga sheria mwaka 2021 za kuzibana kampuni kubwa katika kuondoa au kushusha maoni ya watu. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilizirudisha kesi zote mbili mahakama za chini, ila maoni ya majaji wengi, yaliyoandikwa na Elena Kagan, yalieleza kwamba kuchagua na kupanga maneno ya wengine ni kujieleza pia, na serikali haina ruhusa ya kuingilia ili tu ilete mizani inayoipenda yenyewe. Nakubaliana nayo, ingawa sipendi kujikuta upande mmoja na matajiri wale.

Tuseme basi sheria inaziamuru zibebe kila kitu. Tayari tuna mfano wa pale ambapo karibu kila kitu kilibebwa. Mwaka 2018 Facebook yenyewe ilikiri kwamba nchini Myanmar haikufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lake lisitumiwe kuchochea ghasia. Chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, ilisambaa mtandaoni huku wasimamizi wa maudhui wanaojua Kiburma wakiwa wachache mno. Hapo neno "tunawachinja" si utani wa mpira. Ni neno lilelile, herufi kwa herufi, na kinacholitofautisha ni nani anamwambia nani, lini, baada ya nini. Mtu aliyekulia katika lugha analijua hilo kwa kutupa jicho mara moja. Mashine iliyofundishwa Kiswahili kwa kijiko inafuta utani wangu, na siwezi kuapa kwamba inakamata tishio la kweli likija limevaa methali. Kidonda kikubwa cha sisi tusioandika Kiingereza kipo hapo: tunahukumiwa katika lugha ambayo hakimu haisikii.

Kuna pia historia inayosahaulika. Mwaka 1995 mahakama moja ya New York iliamua kwamba kampuni ya huduma za mtandao ya Prodigy, kwa kuwa ilikuwa ikiondoa matusi kwenye kurasa zake, ibebe dhima ya yote yaliyobaki, kama mchapishaji. Maana yake anayefagia anashtakiwa, asiyefagia anapona! Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga kifungu cha 230, kinachozilinda kampuni dhidi ya kesi kwa maneno ya watumiaji na kwa kuondoa kwa nia njema yale yanayochukiza. Bila kinga ya namna hiyo wangebaki na njia mbili: kuacha taka zote, au kutoturuhusu kuandika chochote.

Mkitaka kumwona anayenyima watu uhuru wa kujieleza hasa, itazameni Nigeria, Juni 2021. Twitter ilifuta chapisho moja la Rais Muhammadu Buhari. Siku chache baadaye serikali yake ikausimamisha mtandao wote nchini, na haukurudi hadi Januari 2022. Mwaka huohuo mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Kampuni ilimfutia rais sentensi chache, naye akabaki na redio, televisheni na wasemaji wake. Serikali iliwafungia mamilioni. Hatari ninayoiogopa zaidi ni pale hawa wawili wanapoelewana kimyakimya: afisa anapiga simu, chapisho linatoweka, na wewe unaambiwa ni "kanuni za jumuiya". Mwaka 2024, katika kesi iliyohusu afisa wa New York na chama cha wamiliki wa bunduki, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walisema serikali haiwezi kutumia vitisho kwa mtu wa tatu ili azime sauti ambayo yenyewe imekatazwa kuizima.

Basi mimi nilinyimwa nini, kama si uhuru wa kusema? Nilinyimwa sababu. Hapa lazima nijisute, maana na mimi sikuwaandikia wale wa kapuni kuwaeleza kwa nini. Lakini hakuna aliyekuwa ameweka kwenye ukurasa wangu picha za watoto wake, wateja wake na marafiki wa miaka kumi. Umoja wa Ulaya una sheria ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024: kampuni ikifuta lazima ikupe sababu zilizo wazi, iseme kama mashine ilihusika, na malalamiko yako yasiamuliwe na mashine peke yake. Ukiwa bado hujaridhika, unaweza kwenda kwa msuluhishi wa nje. Kampuni kubwa ikikaidi, faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Sheria hiyo haiilazimishi kubeba utani wangu wa mpira ikiwa kanuni zake zinaukataza kweli. Inailazimisha inijibu kama mtu, na hilo ndilo ninalolidai, kwa Kiswahili.

Siku saba zilipoisha nikafungua akaunti. Rafiki yangu alikuwa ameniandikia usiku uleule wa mechi: "Mmechinjwa!" Chapisho lake liko pale hadi leo.