Kiwiko kimelia "ta!": mrusha mkuki atarudi kama warushaji wa besiboli?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa michezo, Mafinga. Kijana wangu wa kidato cha tatu, miaka 16, alikuwa anajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Wiki tatu zilizopita, akirusha mkuki, kiwiko kililia "ta!" upande wa ndani. Hadi leo akirusha kinauma. Nimesoma kwamba warushaji wa besiboli Marekani huwekewa ligamenti mpya na kurudi na nguvu kuliko mwanzo. Naye atarudi hivyo?

JIBU: Mwalimu, mimi ni mfiziotherapia hapa Mbeya, si daktari, ingawa jina hilo nimeshalizoea.

Ulinganisho wako ni sahihi. Mkono ukija mbele kwa kasi, kiwiko hutaka kufunguka upande wa ndani, na kinachozuia ni ligamenti, ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa. Warusha mkuki wa Finland waliandikwa na daktari wao kwa jeraha hili tangu 1946. Besiboli ndiyo iliyokuja kulipa jina. Jina lenyewe ni la Tommy John, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers. Septemba 1974 daktari Frank Jobe alitoa kano, uzi unaofunga msuli kwenye mfupa, kwenye mkono wake wa kulia, akaifunga kwenye kiwiko cha kushoto. John hakucheza 1975 yote. Alirudi 1976, akastaafu 1989 akiwa na miaka 46, na kati ya mechi 288 alizoshinda, 164 ni za baada ya kisu.

Kano hiyo huenda unayo. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, kunja kiganja kidogo: utaona uzi ukiinuka katikati ya kifundo cha mkono. Usipouona usishtuke, wapo waliozaliwa bila na hawapungukiwi kitu.

Ila hilo la nguvu kuliko mwanzo, hapana. Wengi wa ligi kuu ya besiboli Marekani hurudi kurusha, kama wanane kati ya kumi, lakini kisu hakiongezi kasi. Anayeonekana kuongezeka mara nyingi alishaanza kupungua kabla hajaumia kabisa, kisha akakaa miezi 12 hadi 18 akijenga bega, kiuno na mapaja, na watu wanaolipwa kumwangalia. Kijana wa bweni hana hao.

Tena kwa miaka 16 siwazii ligamenti kwanza, nawaza mfupa. Umri huo ligamenti inaweza kuwa imeshika kwenye kipande cha mfupa ambacho hakijaungana sawasawa na mfupa mkubwa. Ukivuta sana, kinachoachia ni kipande hicho. Kwa hiyo apigwe eksirei wiki hii, viwiko vyote viwili, ili daktari alinganishe. Kipande kikiwa kimesogea kidogo, mara nyingi kupumzisha mkono hutosha. Kikinasa ndani ya kiungo, ni kazi ya daktari wa mifupa. Picha ikiwa safi na maumivu yakabaki, hapo ndipo MRI, picha inayoonyesha hata ligamenti. Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi, msingoje foleni ya wiki ijayo.

Wakati huo asirushe kitu, hata jiwe la mapera. Ndoo ya maji abebe kwa mkono mwingine. Na asichuliwe! Nimeshapokea kiwiko kilichokandwa maji ya moto na kuvutwa "kirudi mahali pake". Kilifika kwangu hakinyooki.

Akiruhusiwa, asianze na mkuki. Wa vijana una gramu 700, mpira wa besiboli gramu 145 hivi. Aanze na mpira mwepesi, mita kumi, arushe leo kesho apumzike. Mkuki aushike pale mkono utakaponyooka sawa na mwenzake bila maumivu: kwanza akiwa amesimama, kisha hatua tatu, mbio kamili mwisho kabisa. Baridi ya Juni huko kwenu unaijua. Asiguse mkuki kabla jasho halijatoka.

Ikiwa ni mfupa na umewahiwa, nina matumaini makubwa naye. Mkuki wa mwaka huu usahau. Daktari akimruhusu kukimbia, mjaribu mita 400.